Oddleif Hauknes, Nyuma ya Jembe la Bintiye

Marehemu Oddleif Hauknes alizaliwa tarehe 14 Februari 1957 hapa Storlia, mtoto wa kwanza wa mzee Peder na mama Jorunn. Alimtangulia dada yake Aslaug, anayesoma wasifu huu, kwa miaka mitatu, na maisha yake yote hakuacha kumkumbusha hivyo.

Alisoma shule ya hapa kijijini hadi mwaka 1973, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mjini Mo i Rana. Vitabu hakuvipenda. Alipenda kitu kilichoharibika.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika karakana ya barabara, akatengeneza malori ya kuondoa theluji kwa miaka arobaini na moja. Jembe, lile bapa la chuma la mbele linalosukuma theluji, likigoma, madereva walikuja wakiilaani pampu ya mafuta inayolinyanyua, yeye aliuliza tu, "Jembe linageuka?" Likigeuka kushoto na kulia lakini halinyanyuki, basi pampu ni nzima na mafuta yapo. Hapo aligusisha bisibisi kwenye koili ya valvu ya kunyanyulia, dereva akibonyeza kitufe. Koili ikivuta bisibisi, umeme umefika. Isipovuta, alifuata nyaya, na mara nyingi chumvi ya barabarani ilikuwa imeula waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya lori. Ole wake aliyefungua bomba la mafuta kabla ya hapo!

Tarehe 17 Machi 1984 alifunga ndoa na Turid. Keki haijakatwa, aliitwa karakana, akarudi na mafuta kwenye shati jeupe.

"Si ungelioa hilo jembe lako, bwana wee!" Turid alimwambia.

"Lilinikataa, mke wangu. Wewe ndiye uliyekubali."

Walijaliwa binti mmoja, Ingunn, ambaye mama yake alimtaka awe mwalimu. Akawa dereva wa lori la theluji.

Moyo ulianza kumsumbua Oddleif mwaka 2023. Jumanne, tarehe 21 Januari 2025, alibanwa na kifua vibaya. Upepo ulikuwa umefunga njia ya mlimani ya kwenda hospitali, na hakuna gari lililovuka ila kwa msafara, nyuma ya lori la theluji. Zamu ilikuwa ya Ingunn. Gari la wagonjwa lililombeba Oddleif lilimfuata yeye, na mengine kumi yakafuata.

Saa sita mchana, juu kabisa, jembe lilizama kwenye lundo la theluji, likakataa kunyanyuka. Ingunn alishuka na spana. Muuguzi alimshikia Oddleif mdomoni redio ya kuongea na lori.

"Ingunn, linageuka?"

"Linageuka, baba, ila halipandi. Nafungua bomba."

"Acha bomba! Bisibisi je?"

Dereva wa gari la wagonjwa alimbonyezea kitufe. "Haivutwi, baba."

"Sasa unangoja nini, mwanangu? Fuata ethi."

Alikwangua kutu kwa kisu, akakaza nati, jembe likapanda. Dakika ishirini na tano zilikuwa zimepita.

"Haya, nenda," Oddleif alisema. "Niko nyuma yako."

Kila kona Ingunn aliita, "Baba, upo?" Mara mbili alijibiwa na baba yake. Mara ya tatu alijibu muuguzi: "Endesha tu. Yuko nyuma yako." Oddleif alikuwa ameshakata roho, na msafara mzima ulikuwa ukimtegemea binti yake. Ingunn aliambiwa walipofika kwenye kizuizi cha barabara chini ya mlima, msafara unapoishia.

Tangu siku ile Ingunn anauliza kama dakika zile ndizo zilizomuua baba yake. Daktari amesema hapana. Shangazi yake anasema hapana, mbele yenu nyote. Yeye bado hajaamini, na sisi mioyo inatuuma kwa ajili ya wote wawili.

Marehemu ameacha mjane, Turid, binti, Ingunn, mkwe, Steinar, wajukuu wawili, Ylva na Brage, na dada, Aslaug.

Njia ya makaburini imejaa theluji tangu jana. Ingunn ameomba aifungue mwenyewe, jeneza likimfuata. Asubuhi amelipima jembe kwa bisibisi ya baba yake. Imevutwa.

Pumzika sasa, kaka. Uko nyuma yake.