Mukate Yenye Sikukula

Mama présidente ya mukutano yetu ameniomba niseme mufupi, na miye mwenyewe sipendake maneno ya kuzunguka. Yote iko mu kayé yangu, lakini sitaisoma, tutachelewa. Nitasema vile nakumbuka. Majina ya bantu sitataja, hata ya ule mwenye alinitukana. Mama, acha mutoto alie tu, usimutoshe inje, hatusumbue.

Bandugu yangu, ile mwaka munaikumbuka bote. Basoda ya jeshi balivunja mamagazini ya bachuuzi mu mugini, unga ya Zambia ikakwama ku mupaka ya Kasumbalesa, na kampani ya reli yenye baba alikuwa anatumika kazi ikaacha kulipa. Baba aliendelea kuvaa kepi yake kila asubuhi na kwenda ku gare. Anakaa na benzake, banaangalia reli, anarudia. Hakuna train. Ku nyumba tulikuwa tunakula mara moja ku siku, magaribi, bukari ya unga kidogo na matembele. Miye nilikuwa nimetoka kupata diplome ya sekondari, nikaingia ku institut ya michezo juu nilikuwa nacheza handball muzuri. Kutoka kwetu Naviundu mupaka kule ni miguu, kwenda na kurudi.

Sasa, mu équipe yetu ya babinti akafika yaya mumoja, dada mukubwa kwetu, mwanafunzi ya mwaka ya mwisho. Alikuwa anafanya travail yake ya kumaliza masomo juu ya michezo na mwili ya mwanamuke. Alitaka kujua hivi: binti mwenye anakula asubuhi mbele ya kukimbia, moyo yake inatulia mbio kuliko ya ule mwenye hakula? Akatukata bikundi mbili. Moja inapata mukate na chai ya sukari, ingine hapana. Kisha bote tunakimbia, na yaya anatushika ku mukono, anahesabu vile moyo inapiga, macho ku montre, ile saa ya mukono. Ile mikate ilikuwa inatoka kwa mama yake, mwenye alikuwa anachoma mikate mu furu ya matofali mu lupango yake, nyuma ya nyumba. Alikuwa anaitoa bure, juu ya masomo ya mutoto yake.

Miye nikaanguka mu kikundi ya mukate. Benzangu ya ile ingine balikuwa banatuita batoto ya mufalme.

Lakini ku nyumba nilikuwa na mudogo yangu, binti ya miaka ine. Miguu yake ilianza kuvimba, nywele ikageuka rangi ya majani ya kukauka. Bwaki, ile ugonjwa ya njaa, munaijua, sitawafundisha. Basi siku ya kwanza tu, yaya alipoinamia karatasi yake, niliingiza mukate mu sutia. Chai nilikunywa. Nikakimbia na ile mukate ku kifua, jasho inaingia mu mukate. Yaya akashangaa mbona nakimbia na mikono juu ya kifua sawa muntu anaomba. Nikamuambia niko na haya ya baboyi benye banaangalia. Akacheka, akaandika. Magaribi mudogo yangu akakula ile mukate.

Ikakuwa hivyo kila test. Na kila mwezi alikuwa anatupa karatasi ya maulizo: unalala namna gani, uliona mwezi yako? Nilikuwa naandika ndiyo. Bongo, haikukuwa kweli. Mwezi yangu ilikuwa imesimama zamani. Mwili haikukuwa na damu ya kutupa. Mama yangu akaona bitambala yangu haifuliwe tena. Siku moja akafunga mulango, akaniuliza ulizo moja tu:

"Ya nani?"

"Mama, hakuna muntu."

"Roho Mutakatifu alishuka mara moja tu," mama akasema, "na haikukuwa ku Naviundu."

Munacheka. Hata miye leo nacheka. Ile siku nililia, juu mama alianza kuniangalia tumbo kila asubuhi, na miye sikuweza kumuambia tumbo iko tupu kabisa, juu angekataa nimupe mudogo yangu mukate.

Kisha yaya akamaliza hesabu, hata kama test na mukate biliendelea mupaka siku ya jury. Alituita ku terrain ya handball, akatuambia jibu: kati ya benye banakula na benye habakule, hakuna tofauti. Prof yake alifurahi, akapeleka jibu kwa bakubwa ya institut. Na bale bakubwa balikuwa banatafuta tangu zamani njia ya kukata maharagi yenye tulikuwa tunapata siku ya entraînement, ya mazoezi. Bakasema ni masomo yenyewe imeonyesha: babinti banaweza kucheza bila kula. Bakakata.

Bandugu yangu, nabaambia, sikulala. Kwa benzangu bengi ile maharagi ilikuwa chakula ya siku nzima. Nikisema kweli, mukate inaisha na mudogo yangu anakufa. Tena travail ya yaya inakufa, na jury ya kumupima ilikuwa kisha juma tatu. Nikanyamaza. Nikasali Mungu atengeneze bila miye kusema. Sijui kama munaelewa sala ya namna ile. Niliisali siku tisa.

Siku ya kumi gardien yetu, mulinda goli, binti ya nguvu kuliko siye bote, aliruka kuzuia balle na hakusimama. Kichwa ilipiga poto ya goli. Tulimugeuza, macho yake nyeupe. Mumoja alikuwa anamupepea na viatu. Na yaya alikuwa pale, amemushika mukono, anahesabu moyo yake, anasema sielewi, sielewi.

Njo pale mudomo yangu ilifunguka.

"Yaya, mukate yako sikuikula hata siku moja."

Akainua kichwa. "Hata moja?"

"Chai tu. Mukate iko inaenda ku nyumba. Mudogo yangu eko na bwaki."

Kisha nikasikia sauti nyuma yangu: "Yangu iko inaenda kwa nkambo yangu muzee." Na ingine, polepole kabisa: "Yangu ni ya mutoto yangu." Ule, hata hatukujua kama eko na mutoto. Kikundi nzima ya mukate, bandugu. Hakuna hata mumoja mwenye alikula. Yaya alikuwa amelinganisha njaa na njaa.

Akatutukana. Akaniita mwizi, akasema nilimuibia mwaka nzima, akapasua karatasi na kwenda. Gardien tukamupeleka ku hospitali na pousse-pousse, kigari ya kusukuma, ya muuza makala ya moto.

Siku mbili yaya hakuonekana. Ku nyumba mudogo yangu aliacha kulia, na mutoto ya bwaki akiacha kulia, bamama, munajua. Siku ya tatu yaya akafika Naviundu na mama yake, kwa miguu. Ule mama ya mikate aliingia, akamuangalia mutoto. Akamufunga ku mugongo na kitenge yake, akamupeleka kwa bamasela, masista ya kanisa, benye banapeaka batoto maziwa. Mama yangu akamufuata mbio bila viatu.

Yaya alibaki na miye ku kizingiti. Akatosha bic ya kuandika. Akasema, "Anza tena. Mwezi yako ya mwisho ilikuwa lini?" Nikamuambia kweli.

Ile mwaka hakufanya défense mbele ya jury. Benzake balimuchekelea. Alianza yote upya, na safari hii tulikula ku meza ya mama yake, mudogo yangu katikati yetu. Alibadilisha hata maulizo. Ya kwanza ku karatasi ikakuwa: ku nyumba yenu, nani hajakula? Maharagi ilirudia, lakini kisha kupita miezi mingi. Mudogo yangu anatembea. Gardien hakucheza tena. Anauzisha ku Kasumbalesa, na nikienda kumusalimia ananipokea muzuri, na hiyo njo inaniumiza kuliko matusi ya yaya.

Asante kwa yaya, kwa mama yake, kwa bamasela. Asante mama yangu, mwenye aliniomba musamaha, na miye sikukuwa na haki ya kuombwa.

Fundisho niko nayo moja tu. Njaa ya kuficha inapiga mwenzako. Kwa hiyo, mama présidente, mbele tufunge mukutano: kama kuna mwenye hajakula tangu jana, asiinue mukono. Anifuate tu inje. Niko naenda kwa mama ya mikate, na sitangojea mingi.