Nguzo Zinazoitikia Hodi

Mgeni rasmi, kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, tunaomba radhi. Risala hii tumeiandika wote, lakini anayeisoma, kwa vidole vyake juu ya nukta nundu, ni mwenzetu Zuwena Bilali. Humu ndani tumemsifu. Alitaka kuziruka sifa hizo, tumemkatalia. Akijitaja kwa jina kama anayemsema jirani, usishangae, ni sisi tuliomponza.

KARIBU

Mheshimiwa, tuna furaha isiyofichika. Kina mama wamevaa sare tangu alfajiri na ngoma imeshapashwa moto. Karibu Kiwanja cha Mwinjuma, ambako hata nguzo zina adabu.

TULIKOTOKA

Hapa palikuwa vichaka vitupu. Bomba, choo na kituo cha basi vilipojengwa, fundi wetu wa kompyuta, Godbless, alifunga kwenye nguzo za taa vifaa vya kuhisi anayepita na spika za kumwelekeza. Wazo zuri, ila nguzo zilimkaribisha kila kiumbe. Mbuzi wa Mzee Melkiori walielekezwa chooni kutwa nzima, mpaka mzee akaja juu: "Jamani, mbuzi na choo wapi na wapi?" Majirani nao wakachachamaa kwa kelele. Godbless akazizima.

Aliyeumia ni Zuwena. Yeye haoni tangu utotoni, na zile siku chache za nguzo alikuwa ametembea peke yake toka kituoni hadi kwenye biashara yake ya mikeka. Sasa akarudi kushikwa mkono. Watu humshika bila kumuuliza, wakamkokota kama gunia, na hakuna kitu anachokichukia kama hicho. Akakumbuka kwao Chole, kule Kisarawe. Akifika uani kwa bibi yake alikuwa akibisha hodi, na ile "karibu" ya bibi ikimwonyesha mlango ulipo.

Akamfuata Godbless.

"Mdogo wangu, kwani kwenu mtu anakaribishwa kabla hajabisha hodi?"

Godbless akachukua ngazi yake. "Dada Zuwena, hapo umeniweza."

TUNAYOJIVUNIA

Tangu hapo nguzo hukaa kimya mpaka mtu aseme hodi. Ndipo ya karibu yake humjibu na kumtajia mahali alipo. Hatukufika hapa kirahisi. Siku ya majaribio nguzo ya kwanza ilimjibu Zuwena: "Karibu bombani. Ukifika kituoni, bisha hodi tena." Ya pili ikasikia hodi, ikakaribisha, ya tatu ikadakia, kiwanja kizima kikawa kinajikaribisha chenyewe, Godbless akitimua mbio toka nguzo hii hadi ile. Zuwena alicheka mpaka akakaa chini. Sasa nguzo zimepigwa marufuku kulitamka neno hodi. Tumehakikisha pia kwamba haziweki akiba ya maneno yetu mengine. Umbeya wa bombani unabaki bombani.

Siku hizi wanabisha hodi wageni kutoka Dutumi, wazee wasiosoma vibao, hata vijana wenye macho yao mazima. Zuwena naye anapita na mikeka begani, anasimama kupiga soga, anachelewa nyumbani kwa raha zake. Anasema huko kuchelewa ndiko alikokukosa zaidi.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, msomaji akikwama hapa, mvumilie. Mkandarasi wa awamu ya pili ya ujenzi amebandika tangazo: nguzo zitazimwa, maelekezo yahamie kwenye simu janja. Zuwena alisomewa tangazo hilo. Yeye ana kiswaswadu cha vitufe, na hata angekuwa na simu kubwa angeishika kwa mkono gani, fimbo huku, mikeka kule? Hakulalamika. Aliuliza tu nani atakuwa na nafasi ya kumshika mkono.

Leo tumezima nguzo wakati wa risala ili zisituingilie, kwa kuwa neno lenyewe limejaa humu. Ndiyo maana umemwona akikokotwa kuletwa jukwaani. Na kimya unachokisikia kila tukitaja hodi ndicho tunachokiogopa.

OMBI

Tunalo moja tu. Ya barabara tutakuja nayo siku nyingine, na tutakuja kweli. Huduma ya simu iongezwe, tunaipokea kwa mikono miwili, lakini nguzo zisinyamazishwe. Neno lako kwa mkandarasi linatosha.

Zuwena akikunja karatasi zake atashuka mwenyewe kuufuata utepe utakaoukata. Tafadhali asishikwe mkono, na ngoma ingoje kidogo.

Mwenyezi Mungu akujalie afya na safari njema, na kila utakapobisha hodi, Mheshimiwa, umkute wa kukuitikia.

Ni sisi,
Watumiaji wa Kiwanja cha Mwinjuma,
Pangani, Kibaha.

Godbless, washa.

Hodi!