Ombi la Wachimba Makaburi: Mzee Vipimo Asikatwe

Mgeni rasmi, Mkaguzi Mkuu wa Filamu, karibu ukumbini kwenye uzinduzi wa filamu yetu. Wageni tuliozoea kuwapokea huwa hawaitikii salamu, kwa hiyo leo tumefurahi mno.

HISTORIA

Sisi ni wachimba makaburi kumi na wawili. Mwaka jana walitujia watu wa sinema waliokuwa wakitengeneza kichekesho cha kutisha: wezi wanafukua makaburi, wafu wanaamka na kuwatimua mbio. Mashimo yao yalibomoka siku ya kwanza, wakatuita tuwachimbie. Mwishowe wakatuingiza na sisi kwenye mchezo.

MAFANIKIO

Tuliambiwa tufukue kama wezi. Sisi tukafukua kwa kamba na futi, pembe zote nne zimenyooka. Mwongozaji akapiga kelele, "Jamani, nyinyi ni wezi au mafundi?"

Kiongozi wetu, Mzee Vipimo, alicheza mfu wa kwanza. Alitakiwa atoke shimoni awafukuze wezi. Akatoka kweli, udongo unammwagika mabegani, wezi wakatoka nduki. Lakini yeye hakuwafuata. Aligeuka, akaona shimo liko wazi, akachukua koleo, akalifukia taratibu na kulisawazisha, ndipo akawakumbuka wezi. Miaka thelathini kazini hajawahi kuacha shimo wazi na kuondoka. Mwongozaji alicheka mpaka akakaa chini, na kipande hicho akakiacha kama kilivyo.

Baadaye tulionyeshwa kipande hicho kwenye kioo cha kamera. Mgeni rasmi, sisi hatukucheka. Tumeshusha watu wasiohesabika, na hatukuwahi kumwona hata mmoja akipanda. Mwenzetu mmoja alivua kofia bila kujijua.

CHANGAMOTO

Miezi miwili baadaye Mzee Vipimo alifariki. Kaburi lake tulilipima mara tatu, maana hakuna aliyethubutu kumkosea yeye. Sasa ofisi yako imeandika kwamba kipande chake kikatwe, kwa kuwa kinawafanyia marehemu mzaha. Tunaiheshimu barua hiyo. Ila marehemu huyu tulikula naye, na angekuwepo angecheka kuliko sisi sote.

MAOMBI

Ombi letu ni moja. Fundi wa mitambo ana nakala mbili, yenye Mzee Vipimo na isiyo naye, na anasubiri neno lako kabla taa hazijazimwa.

Mjane wake, shemeji yetu, amekaa mstari wa mbele. Picha pekee aliyo nayo ya mumewe ni ya kitambulisho, na humo amenuna. Tulipomuuliza kama ataweza kustahimili kuitazama filamu hii, alisema, "Nataka nimwone akitoka, basi. Niambieni ni dakika ya ngapi, nisije nikapepesa macho."

Mgeni rasmi, tumeshamwambia ni dakika ya arobaini na moja.

Mungu akulinde wewe na walio wako, na awalaze pema wote waliopita mikononi mwetu.

Ni sisi,
Umoja wa Wachimba Makaburi