Profira, Aliyeuliza Kila Kitu Kimetoka Wapi

Marehemu alikataza wasifu huu usiandikwe na padri. "Ataongeza chumvi," alisema. Baba Ilarion anisamehe. Ndiyo maana nausoma mimi, Anghel, mdogo wake. Hata mimi hakuniamini. Alipokuwa kitandani alidai nimsomee nusu ya kwanza, akanifutisha mistari miwili ya sifa.

Dkt. Profira Negoiță alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1964 katika kijiji hiki cha Gura Stufului, jimbo la Tulcea, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Lavrente na Mama Paraschiva. Hakuwa ametimiza miaka mitano alipomuuliza padri wa wakati ule, mbele ya waumini wote, mkate wa altare umetoka wapi na nani aliukanda. Baba yetu akaona haya, akamtoa nje. Huko nje akamuuliza baba viatu vyake vipya vimetoka wapi, na inasemekana mama naye alitamani sana kulisikia jibu.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, sekondari mjini Tulcea, kisha biolojia katika Chuo Kikuu cha Bucharest, alikohitimu mwaka 1987. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1996, kwa utafiti juu ya nasaba za mbu wa delta yetu.

Mbu hao kwa macho ni wale wale, lakini wengine waliwahi kueneza malaria na wengine hawana neno. Dada aliwatenganisha kwa DNA ya mitokondria, ile ambayo mama huwaachia wanawe na baba hana fungu lake. Kwa kuifuata aliweza kujua mbu yupi ni wa ukoo upi, na koo zipi zilitengana lini. Hakuwahi kumsaga mbu mzima. Alimng'oa mguu mmoja wa kupimwa, na mwili akauchoma pini na kuufungia kabatini. "Mguu ni wa mashine, mwili ni wangu," alikuwa akisema. Ufunguo wa kabati aliuvaa shingoni pamoja na msalaba.

Agosti 1998 aligawa vichupa kwa jamaa wa hapa wamkusanyie mbu mabandani. Majibu yalipotoka, mbu wa banda la nguruwe la shangazi yetu Safta walikuwa wa ukoo wa malaria, ukoo usiojulikana kabisa huku kwetu. Aliyeandaa sampuli alikuwa mwenzake wa maabara, Tudor Carabulea wa Galați, kijana mwenye kupiga mluzi tangu asubuhi hadi jioni. Dada hakuwahi kuuamini ule mluzi.

"Tudor, umechanganya vichupa."

"Sijachanganya."

"Basi hawa wametoka wapi?"

"Unaniuliza mimi? Kwani ndimi niliyewazaa?"

Mkuu wa maabara alimwambia Tudor kwamba ifikapo Ijumaa awe amekabidhi funguo. Mluzi ukakoma. Dada aliniambia baadaye kwamba ule ukimya ndio uliomtia shaka mpya, safari hii juu yake mwenyewe. Akafungua kabati, akang'oa miguu mingine kwenye miili ile ile, akajifungia ndani akarudia kazi yote kwa mkono wake. Jibu likawa lile lile. Vichupa havikuwa na kosa. Mbu wenyewe ndio walikuwa wageni. Akawalinganisha na mbu aliowakusanya pwani nzima miaka ya nyuma, akaukuta ukoo ule wa mama mahali pamoja tu: banda moja la ng'ombe huko Salcia Mică.

Alhamisi alishuka kwenye basi la kwanza. Nilikuwepo uani kwa shangazi.

"Shangazi, Lina wako ameolewa wapi vile?"

"Si Salcia? Si ulikuja harusini ukala mpaka ukalala mezani?"

"Na mbu wangu umewatoa wapi?"

Shangazi akajifuta mikono kwenye aproni. "Mwanangu, banda nililipaka chokaa kwa ajili ya sikukuu ya Bikira Maria, mbu wote wakakimbia. Nilipokwenda kwa Lina nikakuokotea wengine, tena wanono! Ulitaka nikurudishie chupa tupu? Kwani mimi sikulelewa?"

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kikija na jemu, kitarudi na mayai. Profira alikuwa amewashuku watu wote, lakini adabu hakuwahi kuishuku.

Ijumaa alifika maabara kabla ya mkuu, akasema mbele ya wote kwamba Tudor hana kosa. Tudor akamuuliza, "Sasa unaniamini?"

"Kwa vichupa tu," akajibu.

Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 25 Septemba 1999, wakajaliwa binti, Ruxandra. Supu ya samaki ya mumewe aliinusa kabla ya kijiko cha kwanza, akauliza samaki katoka wapi, kwa miaka ishirini na mitano. Tudor alimjibu kila mara.

Machi 2023 alianza kuumwa tumbo. Vipimo vilipoonyesha saratani ya kongosho, aliuliza kama damu ile ni yake kweli, akataka warudie. Walirudia. Laiti safari hii nako kungekuwa na shangazi wa kulaumiwa! Wauguzi walihojiwa kuhusu kila kidonge. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2024, Tudor alimletea dawa kwenye kijiko. Sote tukangoja lile swali. Dada akamtazama mumewe, akafungua kinywa, akameza. Hakuuliza kitu. Alifariki kabla ya saa sita mchana.

Ameacha mume, Tudor; binti, Ruxandra; mdogo wake, ambaye ni mimi; na shangazi, Safta, mwenye miaka tisini na mmoja.

Tukitoka hapa, kila mmoja atapewa ngano ya kuchemsha ya kumkumbukia marehemu, yenye asali na kokwa za jozi, ndani ya kimoja cha vichupa vyake. Alipanga mwenyewe. Shangazi Safta, tafadhali sikia: hivi ni vya sadaka, havirudishwi.

Dada yetu apumzike salama, na huko aliko wasichoke kumjibu.