Mama Mlango na Simu Isiyopokelewa

Wapendwa, kabla hatujamrudisha dada yetu kwa Mungu aliyetuazima, tusikilizeni kidogo safari yake. Simu ndogo mnayoiona mezani karibu na jeneza ni yake. Haikusahauliwa pale. Tutafika huko.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Mlango, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yetu, fundi seremala. Alikuwa mtoto wa pili. Mama alikuwa akisimulia kwamba kichanga yule alilala kimya kama maji ya mtungini mpaka mtu alipofunga mlango kuzuia upepo, ndipo akapasua koo. Mlango ulipofunguliwa, akanyamaza.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1980. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mkia, ila kwa sindano hakuwa na mpinzani. Siku moja mwalimu mkuu alimletea suruali iliyopasuka nyuma, akamwambia, "Shona, na usicheke." Alishona. Kucheka alikuja kuchekea nyumbani.

Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa na dereva wa lori, mtu wa mizaha, na Mungu akawajalia wana wawili na binti, kitinda mimba wao. Alishona nguo barazani mpaka mwaka 2004, mumewe alipovunjika mguu na lori likapata dereva mwingine. Ndipo dada yetu akaenda nje ya nchi kufanya kazi za ndani. Mashine yake aliifunika kwa kanga, akasema, "Msiifunue, narudi."

Huko mwenye nyumba alimnyang'anya simu na kumfungia kwa ufunguo kila alipotoka. Siku moja, wakati mlango uko wazi, dereva wa pale alimwazima simu yake kwa siri. Dada aliijua kwa moyo namba moja tu, ya kaka yetu mkubwa. Salio halikutosha kuongea, akabipu, akakata. Akabipu tena. Karakanani kaka alitazama kioo, akawaambia wenzake, "Namba ndefu kama treni! Matapeli hao. Au hana salio, atapiga mwenyewe." Wakacheka, randa ikaendelea. Dada alikaa ndani ya nyumba ile mwaka mzima mwingine, hata jirani mmoja aliposikia mtu akigonga bomba la maji usiku na mchana, akaita polisi.

Alirudi mwaka 2006, lakini hofu alirudi nayo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Aling'oa komeo zote nyumbani kwake, na akitaka kutoka uani alisimama kwanza kizingitini, kama anayengoja ruhusa. Mumewe alimtania, "Mke wangu, wezi wakija watadhani ni hotelini." Akamjibu, "Waje tu, baba. Watakuta njia ya kutokea." Hapo ndipo jina la Mama Mlango lilipozaliwa.

Wasichana hawakuacha kusafiri kwa sababu yake, wala yeye hakuwazuia. Alijua sufuria tupu haisikilizi mawaidha. Ila hakuna aliyeondoka mtaani bila kupita barazani pake kufundishwa sheria. Ficha kisimu kidogo. Kila Jumamosi, kabla ya jua kuzama, bipu. Ikiita mara moja, u mzima. Ikiita mara mbili, una shida. Na huku asipokee mtu yeyote, maana simu ikipokelewa, haitajulikana kama ilikuwa bipu au ni mtu mwingine anapiga. Ikiita mara mbili, Mama Mlango alibeba kapu lake la kufuma, akaketi mlangoni pa ofisi ya wakala aliyempeleka msichana, bila kelele wala matusi, mpaka wapige simu ubalozini. Wako waliorudi salama kwa njia hiyo, na wengine wamekaa hapa mbele yetu.

Wasichana hao hao ndio walioamua, kwa hela walizotuma kutoka huko, kabla ya kila mtu kuezeka kwao, waezeke kwanza chumba cha kujifungulia pale zahanati, na kuchimba kisima tunachokitegemea wote. Sifa tumezipokea wengi. Mvua ikinyesha juu ya lile paa, tunashukuru. Yeye alikuwa anashtuka. Alimwambia mdogo wake, anayewasomea haya, "Kila bati pale lina mtoto wa mtu. Usilisikilize kama bati."

Mwaka 2022 kitinda mimba wake naye aliondoka. Tangu siku hiyo, Jumamosi ilikuwa haimkuti mama huyu amekula.

Mwaka jana moyo wake ulipanuka, miguu ikavimba, akawa wa kulazwa na kuruhusiwa. Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, wodini, simu iliita, ikakatika. Wote tulishusha pumzi. Mara ikaanza kuita tena, hata haijamaliza mlio, kaka yetu akairukia. "Haloo! Haloo, mwanangu!" Ikakatika. Hatujui hiyo ya pili ilikuwa ya binti au ya mtu mwingine, kwa kuwa namba yake haikuonekana. Kaka akasema, "Nilipokea ili nisirudie yale ya zamani." Dada akamshika mkono, akasema, "Najua, kaka. Basi tungoje." Wakala tumemwendea, naye anasema tungoje. Simu ya binti haipatikani.

Alingoja hadi Jumanne, tarehe 6 Februari, alfajiri. Maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Mlango mmeuacha wazi?" Tukamwambia ndiyo.

Ameacha mume, wana wawili, binti mmoja aliye mbali, wajukuu wanne, kaka, mdogo wake wa kike, na wasichana wote waliopita barazani pake.

Leo ni Jumamosi. Jua bado liko juu. Mchungaji ameturuhusu, simu hii isizimwe hata wakati wa sala. Tunawaomba, ikilia asishtuke mtu, wala asipokee mtu, tusikilize pamoja. Na kapu la kufuma liko tayari, mdogo wake amelichukua.

Mungu aliyeliondoa jiwe mlangoni pa kaburi ampumzishe dada yetu kwa amani.

Nawe, binti yetu, bipu. Mara moja tu.