Kopo Chini ya Koti

Asubuhi hiyo ya Julai, mwaka sabini na tatu, basi lilipoondoka Iringa Crispin alishusha kofia mpaka kwenye nyusi. Mama mmoja wa Kihesa, kiti cha nyuma, alikuwa akimsimulia jirani yake habari za Crispin bila kumjua.

"Juzi hapo Mafinga nimeona dereva wa lori la mchele ameinama, anapuliza jiko la mkaa chini ya injini kama anachemsha maharage! Watu wanasema katia oili namba hamsini, na baridi hii!"

"Hajakosea, dada," akajibu jirani, mzee Maganga wa Rujewa. "Kwetu joto lile, ukitia oili nyepesi inakuwa maji, vyuma vinasagana."

"Rujewa ni Rujewa, mzee. Huku hiyo hamsini inakuwa ugali. Injini itazungukaje?"

"Dereva mzoefu habadilishi oili kila akipanda mlima!"

Crispin alimpenda mzee huyo kama ndugu. Maneno hayohayo ndiyo aliyomjibu fundi wake kule Rujewa alipoambiwa abadilishe oili, tena kifua mbele.

Mafinga, basi likasimama kando ya lori lake. "Mwenye lori, shuka!" kondakta akapaza sauti. Crispin akachukua koti lake, na kopo la oili nyepesi, namba thelathini, alilokuwa amelifunika safari nzima likabaki wazi. Mama akaangua kicheko. Mzee Maganga akaisoma namba, uso ukamshuka.

"Na wewe kijana, umeshindwa hata kusubiri jua litoke, lilainishe hiyo hamsini?"

Crispin akashuka na kopo lake. Hakuwa na ubavu wa kumwambia kwamba jua hilo alishalisubiri siku tatu.