Asali Iliyopungukiwa na Moja

Mnisamehe mapema, kisa hiki nitakisimulia vibaya. Nimecheza vichekesho jukwaani miaka kumi na moja, na huko mtu akikosea anapigiwa makofi, kwa hiyo kukosea nimekuzoea. Asubuhi hiyo tulikuwa watatu kwenye benchi letu pale Kibondo, ubavuni mwa fundi baiskeli, kahawa mkononi: Profesa, yaani Ndayikunda muuza mbolea, Lukmani, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimwi, na mimi, Komedi. Akafika Esteri wa Busunzu akikokota baiskeli, ndoo ya asali nyuma, jicho moja limevimba kwa kuumwa na nyuki. Juu ya mfuniko katibu wa chama cha wafugaji nyuki alikuwa ameandika kwa chaki: m = 19. Mkononi Esteri alishika karatasi ya mnunuzi wa Kasulu: "Tunapokea asali yenye m ≤ 20."

Esteri: Kaka zangu, nisomeeni hii. Mpimaji anakuja saa nne. Asali yangu ikikataliwa, ile mizinga miwili niliyoazimwa inarudi chamani, nami narudi kwenye maharage tu.

Redio: Hiyo m ni mizinga. Wanataka wenye mizinga ishirini.

Esteri: Ninayo miwili, Redio. Hiyo kumi na tisa katibu kaiona wapi?

Redio: Amehesabu na ya majirani.

Profesa: Nyamaza wewe. Hiyo alama ni mdomo wa kuku. Umefunguka upande wa ishirini. Maana yake mnunuzi ana njaa ya ishirini.

Redio: Na kale kamstari ka chini?

Profesa: Sahani.

Nikaona wananimalizia mchezo.

Mimi: M ni mizani, dada. Kilo. Wanataka ishirini, wewe una kumi na tisa, umepungukiwa na moja. Ongeza lita moja ya maji, koroga, umefika.

Esteri: Maji kwenye asali?

Mimi: Asali haisemi.

Profesa: Kihesabu yuko sawa.

Redio: Ndicho nilichotaka kusema mimi.

Esteri akafunua ndoo. Akachukua jagi la maji la muuza kahawa, akaliinua juu ya asali. Hapo pikipiki ikasimama. Akashuka Consolée, mpimaji mwenyewe kutoka Kasulu, kipimo kinaning'inia shingoni kama filimbi ya refa.

Consolée: Kabla hujamimina, mama. Hiyo m ni nini?

Benchi zima tukatazama vikombe.

Esteri: Hawajui. Na mimi sijui.

Akaliweka jagi chini.

Consolée: Kosa ni letu pia, karatasi ilipaswa kusema. Hiyo m ni maji yaliyomo ndani ya asali, sehemu ngapi katika kila mia. Hatujui ni ngapi mpaka tupime, ndiyo maana tumeipa herufi. Na alama inasema isizidi ishirini.

Esteri: Kumi na tisa haijazidi.

Consolée: Haijazidi.

Esteri: Kumi na saba na nusu?

Consolée: Inapita.

Esteri: Ishirini yenyewe?

Consolée: Inapita pia. Kamstari ka chini ndiko kanakoiruhusu. Kasingekuwepo, ishirini ingebaki nje.

Esteri: Ego, ndiyo, nimekuelewa. Kumbe m si lazima iwe namba moja tu. Ni zote zinazoruhusiwa kupita mlangoni.

Consolée akapaka tone kwenye kipimo, akakielekeza kwenye mwanga. Kumi na tisa. Ndoo ikapokelewa. Esteri akaomba kalamu, akaandika nyuma ya ile karatasi: m < 19.

Consolée: Hiyo ya nini?

Esteri: Ya mavuno yajayo. Safari hii nilivuna masega mengine kabla nyuki hawajayaziba, maji yakiwa bado mengi. Nitawasubiri wamalize. Sasa najua nasubiri nini.

Profesa: Na ikija kumi na tisa kama ya leo?

Esteri: Sijaweka kamstari, Profesa. Itabaki nje.

Profesa akasogea, akaomba aelezwe tena, taratibu.

Consolée akainama chini ya benchi.

Consolée: Na ndoo hii ya nani? Mfuniko unasema kumi na nane.

Akapima. Akafuta kipimo, akapima tena. Ishirini na tano.

Ilikuwa yangu; karatasi kama ile ya Esteri nilishapewa jana. Ishirini kutoa kumi na nane ni mbili, hapo sikukosea hata kidogo: nilishaiongezea lita mbili alfajiri, tena nilikoroga mwenyewe.